Mdogo wangu asema mama alisali kwa wafu. Nimjibu nini?

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanza. Mama yetu alifariki mwezi wa tano kwa kisukari kilichomtesa muda mrefu. Alikuwa mwana-WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania) wa siku nyingi, na jumuiya yetu ndogondogo ilikuwa ikisali nyumbani kwake mara kwa mara. Sebuleni alikuwa na kimeza chenye sanamu ya Bikira Maria, picha ya Mtakatifu Rita na ya Mtakatifu Antoni, mshumaa na rozari yake ya mbao. Hapo ndipo alipotufundishia kusali tukiwa wadogo, mimi na mdogo wangu wa kiume.

Huyo mdogo wangu ameokoka, yuko kwenye kanisa la kilokole na anahubiri. Hatukuwahi kugombana kwa ajili ya dini. Lakini siku ya kuanua matanga alisimama mbele ya ndugu akasema nyumba ile haiwezi kuendelea kukaa na sanamu. Akasoma Kumbukumbu la Torati sura ya 18, akasema mama aliishi akisali kwa wafu, na kwamba hakuna tofauti kati ya kimeza chake na matambiko ya babu zetu. Akasema Biblia inamtambua mpatanishi mmoja tu. Vitu vyote vya mama akavitia kwenye kiroba akakiweka stoo. Anasubiri ndugu wakubali avichome. Mama mdogo alilia sana. Mimi nilinyamaza, Mwalimu, kwa sababu sikuwa na jibu. Nimebatizwa, nimepata Kipaimara, nimefunga ndoa kanisani, lakini kuulizwa watakatifu ni akina nani hasa, nikabaki nimetazama chini.

Tangu hapo sina amani. Usiku nikikosa usingizi huwa namwambia mama, "Mama, niombee." Sasa najiuliza kama nimemgeuza mama yangu kuwa mzimu. Wenzangu wa jumuiya wananiambia nisihangaike, mama ni mtakatifu, alikwenda mbinguni moja kwa moja. Lakini hao hao wanachanga pesa za nia ya Misa ya kumwombea. Kama yuko mbinguni, Misa ni za nini? Na mimi ndiye ninayejua kwamba mama na shangazi yetu walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi. Walikuja kupatana mama akiwa tayari kitandani, baada ya kupokea Mpako wa Wagonjwa. Mtu wa namna hiyo anaitwaje mtakatifu?

Kuna na jambo la binti yangu mchanga. Nataka abatizwe kwa jina la bibi yake, Kabula. Katekista wa kigango chetu amekataa, anasema hakuna Mtakatifu Kabula, nitafute jina la Kikristo. Na shangazi naye, tangu msiba, ananitumia kwenye simu sala za Mtakatifu Rita na Mtakatifu Yuda Tadei zenye maneno "sambaza kwa watu ishirini, ukikata mnyororo utapata pigo." Nikizifuta naogopa, nikizisambaza najiona mjinga.

Nisaidie, Mwalimu.

Binti wa Kabula, Mwanza

*

Milele amina, binti yangu, na marahaba. Pole kwa kuondokewa na mama, na pole kwa kusomewa Biblia kama mshtakiwa siku ya kuanua matanga. Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Nianze na lile la usiku, maana naona ndilo linalokuuma kuliko kiroba.

Hukosei kumwambia mama yako "niombee". Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kupiga ramli, kuloga na kutaka habari kwa wafu, na Kanisa Katoliki linakataza mambo hayo hayo bila kupunguza hata moja. Fungua Katekisimu namba 2116 na 2117 utayakuta. Mfano wake mkubwa ni mfalme Sauli katika 1 Samweli 28. Mungu alikuwa hamjibu, basi akajibadilisha mavazi akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori, amwinulie Samweli ili aambiwe afanye nini na Wafilisti. Aliitafuta siri ya kesho kwa mlango wa nyuma, Mungu akiwa amenyamaza. Wewe hukumwuliza mama kesho itakuwaje. Hukutaka akutajie aliyekufanyia ubaya. Ulimwomba akuombee kwa Mungu, yaani ulichomwomba alipokuwa hai, na kwake yeye kukuombea hakukuwa kazi ngeni.

Mdogo wako ameleta matambiko ndani ya mazungumzo, na neno hilo nisilipite haraka, kwa sababu watu wetu wengi wanalibeba moyoni bila kulisema. Babu zetu waliwakumbuka waliotangulia kwa upendo, na katika hilo walijua jambo la kweli: ukoo hauishii kaburini. Lakini ndani yake mlikuwa pia na hofu. Mtoto akiugua, mvua ikigoma, ikaulizwa ni mzimu gani umesahauliwa, unadai nini. Mtakatifu hakudai kitu. Ukiacha novena (sala ya siku tisa) ya Mtakatifu Rita katikati, Rita hatakufuata nyumbani kwako. Hana hasira na wewe, hana njaa ya sadaka yako, na hana uwezo wake mwenyewe wa kukupa au kukunyima. Yupo mbele za Mungu, anampenda Mungu, na kwa sababu hiyo anakupenda na wewe. Anachokufanyia ni kukuombea.

Kwa hiyo zile sala za simu zenye pigo mwishoni zifute, tena leo. Hizo ndizo zinazorudisha hofu ya mizimu kanisani kwa jina la mtakatifu, na zinamvunjia Rita heshima. Mwambie shangazi kwa upole kwamba sala haina adhabu kwa asiyeisambaza.

Sasa, ni wafu? Masadukayo, waliokana ufufuko, walimjia Yesu na swali juu yake, naye akawajibu kwamba Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo "si Mungu wa wafu, bali wa walio hai, kwa kuwa wote huishi kwake" (Luka 20:38). Abrahamu alikuwa amezikwa Makpela karne nyingi kabla ya hapo. Ndiyo maana katika Kanuni ya Imani ya Mitume, ile tunayoanza nayo rozari, tunasadiki "ushirika wa watakatifu". Maana yake ni kwamba sisi tulioko njiani, marehemu wanaotakaswa toharani na wale waliokwisha kufika kwa Mungu ni Kanisa moja, mwili mmoja wenye kichwa kimoja ambaye ni Kristo. Kifo hakina nguvu ya kumkata kiungo aliye ndani ya Kristo. Kama kingekuwa na nguvu hiyo, Pasaka ingekuwa na faida gani?

Mdogo wako akikuletea tena 1 Timotheo 2:5, mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu, Kristo Yesu, mjibu "Amina", kwa sababu ndiyo imani yetu. Kisha msome pamoja sura hiyo tangu aya ya kwanza. Paulo anaanza kwa kuagiza dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya watu wote, na baada ya aya chache tu anataja mpatanishi mmoja. Hakuona mgongano, kwa kuwa anayemwombea mwenzake hakai mahali pa Kristo. Anaomba kwa njia yake. Mdogo wako mwenyewe, akiwa na jambo zito, bila shaka humwambia mchungaji wake "niombee". Swali linalobaki kati yenu ni dogo kuliko linavyoonekana: je, mtu akifika kwa Mungu huacha kuombea wenzake? Yohane katika Ufunuo 5:8 aliona wazee 24 mbele ya Mwanakondoo, wameshika vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Hawakuwa wamelala. Na siku utakaposimama kwenye Litania ya Watakatifu, mkesha wa Pasaka au padre anapopewa daraja, sikiliza tunavyoitikia. Kwa Mungu tunasema "utuhurumie". Kwa Maria, Petro, Perpetua na Felista tunasema "utuombee". Hatuwachanganyi hata mara moja.

Lakini nikuambie na upande wa pili, kwa sababu mdogo wako hakuota tu. Katika jangwa Mungu alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, na waliomtazama wakapona (Hesabu 21). Miaka mingi baadaye watu wakaanza kumfukizia uvumba yule nyoka, na mfalme Hezekia akamvunja vipande, na Maandiko yanamsifu kwa hilo (2 Wafalme 18:4). Kitu kile kile, kwanza kwa agizo la Mungu, kisha kikawa kikwazo. Nimewaona Wakatoliki wanaofunga medali kiunoni kama hirizi. Wapo wanaonunua mafuta ya mtakatifu fulani kwa bei ya kutisha na kuacha kwenda kuungama. Wapo wanaojua sala zote za Yuda Tadei na hawajawahi kusoma barua ya Yuda, ambayo ni ukurasa mmoja. Hao wakiambiwa waache, wanaambiwa haki. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulipotetea picha na sanamu, ulisema pia mpaka wake: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa picha huenda kwa yule aliyechorwa. Mama yako akipiga magoti mbele ya kile kimeza alikuwa anazungumza na nani? Wewe ulikuwepo, unajua. Ulisema hapo ndipo alipowafundisha kusali. Nina hakika sala ya kwanza aliyowafundisha ni Baba Yetu, au Ishara ya Msalaba.

Umeniuliza pia watakatifu ni akina nani hasa. Paulo alipoandika barua aliwaita waamini wa Korintho "walioitwa kuwa watakatifu", na Wakorintho hao walikuwa wakishtakiana mahakamani na kulewa kwenye meza ya Bwana. Aliwaita hivyo kwa sababu ya Mungu aliyewabatiza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulitoa sura nzima kufundisha kwamba utakatifu ni wito wa kila mbatizwa, wa mama wa nyumbani, wa fundi na wa askofu kwa usawa. Mtakatifu ni mtu ambaye neema hiyo ya ubatizo ilishinda ndani yake mpaka mwisho. Walioko mbinguni ni wengi sana. Kanisa limewatangaza wachache tu, na wengine wote tunawaadhimisha pamoja tarehe 1 Novemba. Papa Fransisko, mwaka 2018, aliwaita wengi wa hao watakatifu wa mlango wa jirani, na akawataja wazazi wanaolea watoto wao kwa upendo mkubwa na wagonjwa wanaovumilia.

Nikupe mtu mmoja wa karibu nasi. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya nyumbani. Alisoma sheria, akaajiriwa na ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, akapangwa mpakani. Nje ya kazi alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, akiwafundisha na kuwalisha watoto wa mitaani. Mwaka 2007 ulipita mzigo wa chakula kilichoharibika. Alipewa rushwa aupitishe, akakataa. Akashinikizwa, akakataa, maana alijiuliza watakaokula chakula kile watapatwa na nini. Akatekwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta huko Roma, akatangazwa Mwenye Heri, na Kanisa linamhesabu shahidi wa imani, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani. Sijui kama kuna mfano unaonigusa zaidi ya huo. Hakuona maono, hakuanzisha shirika, wala hakuishi pangoni. Alikuwa kijana mwenye mhuri wa serikali mkononi, na akakataa kuugonga kwa sababu anamfuata Kristo. Ukimsikia mtu akisema watakatifu ni hadithi za Wazungu wa zamani, mtajie Floribert. Kisha mtajie Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kukataa kuvunja nadhiri yake, akamwambia muuaji kwamba amemsamehe.

Watu hudhani Papa ndiye anayemfanya mtu kuwa mtakatifu. Hapana. Mungu ndiye anayemtakasa, Kanisa linatambua na kutangaza. Karne za mwanzo waamini wenyewe waliyazunguka makaburi ya mashahidi na askofu akakubali. Mtu wa kwanza anayejulikana kutangazwa mtakatifu na Papa kwa utaratibu rasmi ni Askofu Ulrich wa Augsburg, mwaka 993. Leo njia ni ndefu. Kwa kawaida husubiriwa miaka mitano baada ya kifo, ndipo askofu wa jimbo afungue kesi, na mtu huyo aitwe Mtumishi wa Mungu. Watu waliomjua wanahojiwa, maandishi yake yote yanasomwa, na wanaompinga wanasikilizwa pia. Papa akikubali kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, bado unatakiwa muujiza mmoja kabla hajaitwa Mwenye Heri, na mwingine baada ya hapo ndipo aitwe Mtakatifu. Mashahidi wa imani hawadaiwi ule muujiza wa kwanza. Mara nyingi muujiza ni uponyaji ambao madaktari wameuchunguza wakashindwa kuueleza. Mweleze mdogo wako kwa nini Kanisa linadai hivyo: linangoja Mungu mwenyewe atende, lisije likategemea maoni ya watu. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma, hadi leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, pamoja na mapenzi yote tuliyo nayo kwake.

Sasa utaelewa kwa nini nawasihi wenzako wa jumuiya wasimtangaze mama mtakatifu. Si kwamba namdharau. Tangu karne ya 17, chini ya Papa Urbano VIII, Kanisa limekataza ibada ya hadhara kwa mtu ambaye halijamtangaza: msimwekee picha altareni, wala msimtungie litania ya kusaliwa jumuiyani. Lakini faraghani kila mtu yuko huru kumwomba marehemu wake amwombee, na ndivyo kesi nyingi za watakatifu zilivyoanza, watu wakisali kimya kimya majumbani. Hilo la usiku endelea nalo.

Na uendelee na Misa. Mtakatifu Monika, mama yake Agostino, alipokuwa anakufa huko Ostia mwaka 387, ndugu yake Agostino alitamani mama afie kwao Afrika, si ugenini. Akawaambia wauzike mwili popote, wasisumbuke nao. Ombi lake ni moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Huyo ni Monika, ambaye leo tunamwomba atuombee. Hakujihesabu kuwa amefika, na mwanawe, Agostino yule mkubwa, aliandika akiwasihi wasomaji wamwombee mama yake. Alimwombea bila kuacha kumheshimu. Fanya kama yeye. Hatujui mama yako yuko wapi katika safari ya kutakaswa, na Mungu hakutudai tujue. Akiwa bado anahitaji sala, Misa zitamsaidia. Akiwa amekwisha kufika, sala zenu hazipotei, kwa maana Mungu hana upungufu wa watu wa kuwapa. Tena kati ya tarehe 1 na 8 Novemba Kanisa linatoa rehema kamili (ondoleo la adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) kwa ajili ya marehemu kwa anayetembelea makaburi na kuwaombea, pamoja na kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuacha mwelekeo wote wa dhambi. Nenda kaburini kwa mama siku hizo, na uwachukue watoto.

Kuhusu ugomvi wake na shangazi, nisomee Matendo ya Mitume 15. Paulo na Barnaba walishindana vikali juu ya kumchukua Marko safarini mpaka wakaachana, kila mmoja akaenda zake. Kanisa linamwadhimisha Barnaba tarehe 11 Juni na Paulo tarehe 29 Juni. Luka angeweza kuuficha ugomvi ule na hakuuficha. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mama yako, kitandani, alimpokea yule ambaye hakuwa anasemezana naye. Umelitaja kama doa. Mimi nimelisoma nikasimama kidogo. Mgonjwa anayetumia nguvu alizobakiwa nazo kupatana na wifi yake amefanya jambo ambalo watu wazima wenye afya tunalikimbia miaka nenda miaka rudi. Jambo hilo waeleze watoto wako watakapokua.

Jina la mtoto. Katekista wenu ana nia njema, na alichokuambia kina mzizi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, yeye aongeze la mtakatifu. Lakini Sheria ya mwaka 1983, inayotumika sasa, katika kanuni ya 855 inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lisilopatana na roho ya Kikristo. Kabula, jina la Kisukuma la mtoto aliyekuja na mvua, lina ubaya gani na roho ya Kikristo? Na hata tukitafuta mfano mbinguni, tunao. Karoli Lwanga alimbatiza Kizito huko Munyonyo, Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, kijana wa miaka kama 14, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda, hao wawili wakiwamo, kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Kanisa zima likaanza kusema "Mtakatifu Kizito, utuombee", kwa jina alilopewa na wazazi wake Waganda. Vivyo hivyo Gyavira na Mugagga. Kuna wakati hapakuwa na Mtakatifu Kizito pia.

Usibishane na katekista mlangoni pa kigango. Nenda kwa paroko na mumeo, mweleze kwa adabu, mtajie kanuni hiyo. Kama mtapenda, mpeni mtoto na mtakatifu msimamizi, kwa mfano Monika au Bakhita, aliyeibwa akiwa mtoto huko Darfur, akauzwa mara kwa mara, na akafia utawani Italia mwaka 1947. Ni desturi nzuri, inampa mtoto mtu wa kumwiga. Lakini Kabula asinyang'anywe jina la bibi yake kwa kudhani sheria inadai hivyo.

Limebaki kiroba. Usipigane na mdogo wako, binti yangu. Anampenda Kristo na anaogopa kwamba mama amepotea; ndani ya ukali wake kuna mtoto aliyefiwa kama wewe. Mpigie simu, mwambie hivi: "Najua hutaki vitu hivi viwe nyumbani pale. Sikulazimishi. Nipe mimi nivichukue, usivichome, ni vya mama." Asipokubali kwako, mtume mama mdogo au mzee wa ukoo anayemheshimu. Vikifika kwako, kama sanamu imevunjika na haitengenezeki, Kanisa lina desturi ya kuichoma kwa heshima au kuizika mahali safi, mwulize paroko. Rozari ya mbao baki nayo wewe.

Mkikutana, usianze na sanamu. Mwulize alichokumbuka cha mama wiki hii, na mwombe asali pamoja nawe Baba Yetu, sala mnayoishika wote. Kama atataka kuendelea na mjadala, mwelezee habari moja ya Namugongo: miongoni mwa vijana waliouawa na Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga walikuwemo Wakatoliki na Waanglikana, wakafa kwa ajili ya Kristo mmoja, na Paulo VI aliwataja wale Waanglikana siku ile ile ya Oktoba 1964. Hadi leo kila tarehe 3 Juni mahujaji wa Makanisa yote mawili wanakwenda pale, kila mmoja kwenye kituo chake.

Mpe tarehe ya ubatizo wa Kabula mapema ili apange safari. Yeye ni mjomba wa mtoto.